Macho ya Malkia wa Kopa

Jina la Kifutio alipewa darasani akiwa na miaka kumi na mmoja, na aliyempa alikuwa mwalimu wake wa uchoraji. Siku hiyo walichora kikombe. Wenzake walimaliza wakatoka kucheza. Yeye alichora akafuta, akachora akafuta tena, mpaka karatasi ikatoboka na mahali pa kikombe pakabaki tundu. Mwalimu aliichukua ile karatasi, akaiinua, akalichungulia darasa zima kupitia lile tundu, kisha akasema ameshaona vikombe vyenye nyufa na vikombe visivyo na mkono, lakini kikombe kilichokwenda zake ndiyo mara ya kwanza. Darasa lilicheka, naye akacheka kidogo kwa adabu. Tangu hapo akawa Kifutio. Jina lilimfuata nyumbani, likaenea kwa majirani, na mama yake mwenyewe akilazimika kumwita mara ya tatu alitumia hilo hilo.

Sasa alikuwa na miaka thelathini na minne na bado alikuwa anafuta, ila kwa mshahara. Alifanya kazi katika kiwanda kidogo cha uchapaji, kwenye chumba chembamba kilichotenganishwa na mashine kwa ukuta wa kioo ambao haukuzuia kelele wala harufu ya wino. Yeye ndiye aliyepokea picha za wateja, akaziingiza kwenye kompyuta, akazisafisha na kuzipanga kabla hazijaenda kuchapwa. Bibi harusi mwenye chunusi aliingia nazo, akatoka hana. Mkurugenzi mwenye kitambi alitoka kapungua kilo kadhaa bila kukimbia hata hatua moja. Katika miaka kumi na miwili hakuna mteja aliyewahi kurudi kulalamika kwamba amependezeshwa. Kifutio alikuwa mtu wa maneno machache, asiyeweza kumwambia mtu usoni kwamba kola ya shati lake imekaa upande. Lakini mbele ya kompyuta aliweza kuinyoosha kola hiyo na mwenye shati asijue. Aliamini hiyo ndiyo njia yake ya kuwapenda watu.

Kwa hiyo ilipoamuliwa kwamba picha za Mwalimu zigeuzwe kuwa karata za kuchezea, Mwalimu mwenyewe alisema kazi hiyo apewe Kifutio na si mwingine.

Mwalimu alikuwa amestaafu miaka tisa iliyopita, na mkewe alikuwa na miaka minne tangu afariki. Alichora kwa rangi za maji tu. Rangi za mafuta aliziita rangi za watu wanaopenda kusamehewa, maana ukikosea unapaka juu yake na mambo yanakwisha. Rangi ya maji haina msamaha huo. Ukishaiweka imekaa, na maji yakimwagika hayazoleki. Kwa miezi kumi na minne alikuwa amekaa mezani kwake, karibu na dirisha, akichora picha hamsini na nne, moja kwa kila karata. Shupaza zilikuwa vifaa vya kazi: mikasi, pasi, ndoo, msumeno. Uru zilikuwa madirisha ya nyumba za mtaani. Pau zilikuwa magugu yanayoota kwenye nyufa za kuta. Kopa zilikuwa mambo ya nyumbani, kikombe, mto, kandambili mlangoni, na juu ya hayo walikuwepo watu: mfalme alikuwa kinyozi wa pale kona, ghulamu alikuwa mlinzi wa duka aliyezoea kulala amesimama, na malkia alikuwa mwanamke ambaye Kifutio hakumtambua. Wanafunzi wa zamani walikuwa wamekubaliana zichapwe jozi mia tatu, na maktaba ya mtaa ikatoa ukumbi ili Jumamosi ya mwisho wa mwezi picha zenyewe zitundikwe na kila atakayekuja apewe jozi yake.

Pale kiwandani kulikuwa na desturi moja isiyovunjwa. Kabla ya kuchapa, mwenye kazi huletewa nakala ya majaribio, karatasi moja kubwa yenye karata zote, akaikagua na kuiwekea sahihi. Ikishatiwa sahihi haiguswi tena. Kifutio aliibeba nakala hiyo mwenyewe mpaka kwa Mwalimu, imeviringishwa kama mkeka. Mwalimu aliikagua taratibu, kidole kikitembea juu ya picha moja moja bila kuigusa karatasi. Kidole kilitetemeka. Kifutio akageuka akayatazama makopo ya maji yaliyopangwa dirishani. Mzee aliweka sahihi pembeni, mistari yake ikipanda na kushuka, akasema ndivyo hivyo hivyo, na asiguse tena kitu. Alisema akitabasamu, kama mtu anayemfahamu anayezungumza naye.

Kifutio aliporudi kazini, Meneja aliikunjua nakala ile mezani na kuinamia madirisha ya uru. Akauliza kama mzee huyu alikuwa anachora akiwa ndani ya gari linalotembea. Wafanyakazi wawili wa ukataji wakacheka. Kifutio hakucheka, lakini pia hakusema neno, na masikio yalimwaka moto kana kwamba ni yeye aliyechora. Alikuwa ameiona mistari ile tangu siku ya kwanza. Fremu za madirisha zilikuwa zimeyumba, ukingo wa kikombe ulikuwa na mawimbi, makali ya mikasi yalikuwa yamevimba pale brashi ilipotua mara mbili. Alikuwa amejifanya haoni. Sasa wengine wameona, na Jumamosi ile mtaa mzima ungeona, ungeinua karata na kunong'ona kwamba Mwalimu amezeeka.

Akaanza na dirisha moja. Moja tu, lile lililopinda kuliko yote. Lakini dirisha lililonyooka likiwekwa katikati ya yaliyopinda huyaumbua mengine, kwa hiyo akanyoosha la pili, na la tatu. Kazi hiyo ilimchukua siku tatu. Alivipa vikombe ukingo, akaipa mikasi makali. Wa mwisho alikuwa malkia wa kopa, mwanamke mnene wa uso, mwenye kitambaa cha kijani kichwani, ambaye jicho lake la kushoto lilikuwa limeelekea puani. Mkono umeteleza, Kifutio aliwaza, na akamhurumia Mwalimu kuliko mahali pengine popote, maana uso ndio kitu kigumu kuliko vyote na hapo ndipo mzee alipoanguka. Akaisogeza mboni ya jicho kiasi cha upana wa uzi. Karata za watu huchorwa kichwa juu na kichwa chini, sura ile ile mara mbili, kwa hiyo kwa kusogeza mara moja alinyoosha macho mawili. Malkia akamtazama sawasawa. Kifutio akalipeleka faili kwenye mashine. Alijiambia kwamba amemsitiri mzee wake.

Jumatatu ya wiki ya maonyesho alimpelekea jozi ya kwanza, ikiwa bado na joto la mashine ya kukatia. Mwalimu alifurahi kama mtoto. Aliusifu uzito wa karatasi, akasifu pembe zilivyoviringwa, akazipanga karata mezani kwa safu akianzia na shupaza. Alivyozidi kupanga ndivyo alivyozidi kunyamaza. Alifika kwenye kopa. Alimshika malkia, akamsogeza karibu na uso, akamweka mezani.

"Huyu ni nani?"

"Malkia wa kopa, Mwalimu."

"Kopa naiona. Nauliza huyu mwanamke."

Mwalimu aliinuka, akafungua jalada la picha, akatoa ile aliyoichora kwa mkono wake na kuiweka kando ya karata. "Huyu ni mke wangu," alisema, akionyesha picha. Kidole kikahamia kwenye karata. "Na huyu simjui."

Hapo ndipo Kifutio alipomkumbuka. Mke wa Mwalimu alikuwa mpokea simu wa hospitali, na siku za Ijumaa alikuja kumsubiri mumewe kwenye lango la shule, amevaa miwani mikubwa ya rangi ya kahawia hata kukiwa na mawingu. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kumwona bila miwani ile. Mwalimu alieleza taratibu, kama anayesimulia habari za mtu aliye chumba cha pili. Mkewe alikuwa na kengeza tangu kuzaliwa. Shuleni walimcheka, na alipokua alitafuta kazi ambayo watu wangeisikia sauti yake tu. Miwani aliivua mbele ya mumewe peke yake, jioni, walipokaa kucheza karata, na kwa miaka thelathini na moja Mwalimu hakuwahi kujua kama mke wake anatazama karata zake au anatazama za mwenzake. Alishindwa mara nyingi mno kwa sababu hiyo. Alipougua ndipo alipomwambia mumewe: nikishakwenda, nichore bila miwani, wakati huo aibu haitanipata tena. Mwalimu alikaa miaka miwili kabla ya kuthubutu. Hamsini na tatu zile nyingine, alisema, zilikuwa za kumsindikiza huyu.

"Sasa imekuwaje?" aliuliza.

Kifutio alifungua kinywa akiwa na nia ya kusema kweli. Kilichotoka ni kingine.

"Mashine, Mwalimu. Wakati mwingine mashine inavuta wino, inabadilisha."

Mwalimu alimwamini pale pale. Hilo ndilo lililomchoma. Hakuuliza swali la pili, alitikisa kichwa tu na kusema kwamba mashine haina roho, hailaumiwi. Jumatano angepita kiwandani kuzungumza na fundi aone kama kuna njia. Kugombana hataki, ni kuuliza tu. Kisha akammiminia chai. Chai ikamwagika kwenye sahani, na Mwalimu akaomba radhi kwa ajili ya mkono wake. Kifutio akainywa yote, ikiwa moto, bila kuvuta pumzi.

Fundi wa mashine waliyemwita Baba Wino alikuwa mtu mzima wa karibu miaka sitini, mwenye weusi chini ya kucha ambao hakuna sabuni iliyoweza kuutoa. Aliisikiliza mashine yake kama daktari anavyosikiliza kifua. Mwaka juzi alisimamishwa kazi mwezi mzima kwa sababu ya kitabu kilichotoka bila kurasa nane. Baadaye ikaonekana kosa lilikuwa la ofisini, akarudishwa kazini, na hakuna aliyemwomba radhi. Jumanne yote Kifutio alimwangalia kupitia kioo. Alisimama mara tatu kwenda kumwambia. Mara ya kwanza alimkuta akila. Mara ya pili Meneja alikuwepo. Mara ya tatu hapakuwa na kizuizi chochote, na Baba Wino akamuuliza, "Vipi dada, kuna kitu?" naye akasema anatafuta kalamu. Alikuwa nayo mkononi.

Nyumbani mama yake alimtazama akichezea chakula, akamuuliza kama anakula au anahesabu punje. Mama huyu alifanya usafi wa wodi kwa miaka ishirini na sita na hakuwa mtu wa kufichwa mambo. Kifutio akamweleza kwa kukatakata: ameharibu kazi ya mtu kwa nia njema, na alipoulizwa amesingizia mashine.

"Mashine hiyo ina mke?" mama aliuliza.

"Mama."

"Nakuuliza. Ina watoto? Inasimamishwa kazi?" Alikusanya sahani, akairundika ya Kifutio juu ya yake. "Basi hukuisingizia mashine, mwanangu. Umemsingizia anayeishika."

Angekuwa amegomba, Kifutio angelala vizuri zaidi.

Jumatano alitoka nyumbani mapema ili amwahi Mwalimu langoni, akamwambie kabla hajaingia. Lakini wazee huamka mapema kuliko wenye makosa. Alipofika, Mwalimu alikuwa ameshasimama kando ya mashine, picha ya mkewe ikiwa kwapani ndani ya mfuko wa plastiki, na Baba Wino akijifuta mikono kwa kitambaa. Meneja alikuwa mlangoni mwa ofisi yake na kikombe. Mashine ilikuwa haijawashwa, kwa hiyo kila neno lilisikika.

Mwalimu alikuwa anauliza kwa adabu zote kama mashine inaweza kumbadilisha mtu macho.

Baba Wino hakukasirika. Alifikiri kwanza, kwa kuwa lilikuwa swali la kazi. "Mzee wangu, mashine hii inaweza kuchafua," alisema. "Inaweza kula karatasi, inaweza kupausha rangi. Lakini jicho haijui ni nini. Inachapa inacholetewa." Akaenda kwenye ubao pembeni ya mashine, ambako nakala yenye sahihi ilikuwa bado imetundikwa, akaishusha. Alikiri kwamba aliona tofauti wakati anachapa. Alidhani wenye kazi wameelewana. Kisha akageuka, si kwa haraka, akamtazama Kifutio aliyekuwa amesimama mlangoni na mkoba begani.

Kifutio alihisi mwili mzima umekuwa uso, hauna pa kujificha.

"Ni mimi," alisema. "Nilisogeza jicho. Mwalimu alikuwa ameshaweka sahihi, nami nikabadilisha. Halafu nikamwambia ni mashine." Alimgeukia Baba Wino, na hiyo ilikuwa ngumu zaidi. "Nilikusingizia. Nisamehe."

Baba Wino alirudia kujifuta mikono iliyokwisha kufutwa. Mwalimu hakumtazama; alikuwa anatazama nakala yenye sahihi yake, mahali alipo mkewe na kengeza lake.

"Na vingine?" aliuliza.

Aliuliza hivyo tu, na hapo Kifutio akaelewa kwamba kukiri kulikuwa hakujaanza. Mwalimu aliingia naye kwenye kile chumba chembamba, akaketi kwenye kiti cha wateja. Kifutio alifungua mafaili mawili, la zamani upande wa kushoto na lake upande wa kulia, wakaanza na ree, karata ya kwanza ya shupaza. Alimwonyesha kila alipogusa. Hapa ndoo, Mwalimu, niliinyoosha mdomo. Hapa kamba ya pasi. Hapa dirisha, na hapa, na hapa. Kwa kila picha alipaswa kutamka kwa kinywa chake kile alichokiona kuwa kibovu, mbele ya aliyekichora. Mara mbili Mwalimu alisema amefanya vizuri, palikuwa na doa kweli. Mara nyingine aliashiria tu aendelee. Walipofika kwenye kikombe cha kopa alimwambia arudi nyuma, akakitazama kile chenye ukingo wa mawimbi kwa muda mrefu.

"Mkono wangu unatetemeka mwaka wa tatu huu," alisema. "Ulidhani sijui?"

Kifutio aliondoa mkono kwenye kipanya cha kompyuta.

"Ningetaka mistari iliyonyooka ningetumia rula. Nina rula nne." Akamgeukia. "Nilishaweka sahihi, mwanangu. Ulinionaje siku ile? Kama mgonjwa aliyesaini bila kujua?"

Alisema maneno hayo bila ukali, na Kifutio angetoa chochote ukali uwepo. Machozi yalimjia akayazuia, kwa sababu aliona kwamba akilia Mwalimu ataanza kumbembeleza, na hilo lingekuwa wizi wa pili.

Baba Wino ndiye aliyeleta habari za karatasi. Ile nene ya karata huagizwa, na huchukua miezi miwili kufika; kuchapa jozi zote upya haiwezekani kabla ya Jumamosi. Lakini yalikuwa yamebaki mashiti, karatasi kubwa ambazo hazijakatwa, kumi na moja. Akimchapa malkia peke yake, hamsini na nne kwa kila shiti, mashiti sita yangetosha jozi zote. Madirisha na vikombe vingebaki vilivyo, lakini malkia angepatikana. Tatizo lilikuwa mgongo. Migongo ya karata zote ilikuwa ya buluu moja, mpako mpana wa brashi ya Mwalimu, na buluu ile Baba Wino aliichanganya kwa jicho siku ile; aliweza kuikaribia, kuirudia hakuweza. Malkia mpya angetoka na mgongo uliopauka kidogo. Mchezaji yeyote makini angemjua kabla hajafunuliwa.

Kifutio, kwa sauti ndogo, alitoa wazo kwamba malkia mpya awekwe ndani ya boksi kama karata ya ziada, na yule wa zamani abaki kwenye mchezo.

"Mke wangu si wa akiba," Mwalimu alisema.

Baba Wino alikohoa, na ilionekana wazi kwamba kikohozi kile kilikuwa kicheko. Mwalimu naye akacheka kidogo, mara ya kwanza asubuhi ile. Akafikiri. Alisema karata yenye alama ni karata ya wezi, na yeye hajawahi kucheza na wezi, ukimwacha marehemu. Mwishowe akasema achapwe. Afadhali ajulikane akiwa yeye kuliko afichike akiwa mtu mwingine.

Ijumaa nzima Kifutio alikaa sakafuni kwenye chumba cha ukataji akifungua maboksi mia tatu, moja baada ya jingine, akimtoa malkia mmoja na kumtia mwingine. Meneja alikuwa amesema kwamba kosa hilo lingeandikwa kwenye faili lake, na likaandikwa. Waliokuwa wakicheka madirisha siku ile walipita wakiruka miguu yake. Aliowatoa aliwarundika pembeni, na walimtazama wote, macho yamenyooka, wanawake mia tatu aliowatengeneza yeye, wasio mke wa mtu yeyote. Alipomaliza aliwapeleka mwenyewe kwenye mashine ya kukatia. Baba Wino alilisogeza rundo chini ya kisu kwa ajili yake, bila kuombwa na bila kuzungumza. Tangu Jumatano hakuwa amemwita dada.

Jumamosi ukumbi wa maktaba ulijaa. Picha za Mwalimu zilitundikwa kwa urefu wa macho, madirisha yake yakiyumba mbele ya kila mtu, na hakuna aliyenong'ona. Watu walisimama mbele yazo wakiinamisha vichwa upande, kama vile upepo ulikuwa unapita ndani ya picha. Kifutio alijificha nyuma ya meza ya vinywaji. Kando yake watu wanne walifungua jozi na kuanza kucheza, na haukupita muda mmoja wao, jamaa wa miraba minne aliyekaa dawati la nyuma yake miaka ile, akainua karata na kuigeuza.

"Hizi zina alama jamani. Malkia ana mgongo wake. Nani kachapa hizi?"

Wangeweza kuendelea bila jibu. Mwalimu alikuwa upande wa pili wa ukumbi, amezungukwa na watu, hakusikia. Kifutio aliweka bilauri chini.

"Ni kosa langu," alisema. "Wa kwanza nilimharibu macho baada ya mwenyewe kuweka sahihi. Ikabidi achapwe mwingine."

Yule jamaa alimtambua. Uso wake ulianza kuandaa utani, na jina la zamani lilikuwa karibu kumtoka, kisha akaona namna alivyosimama, akaliacha. Alisema basi, haina neno. Lakini wenzake walimtazama, na mwanamke mmoja alimgeuza malkia na kumchunguza macho, na baada ya hapo kila aliyefika mezani pale aliuliza tena, na Kifutio akajibu tena. Kufikia jioni alikuwa ameeleza mara tisa. Alikuwa amedhani jambo kama hili huwa jepesi likirudiwa. Haikuwa hivyo.

Wiki mbili hakwenda kwa Mwalimu. Alipita mtaa wa pili, akinunua mkate kwenye duka la mbali zaidi. Wiki ya tatu Mwalimu alikutana na mama yake njiani, akampa salamu: amwambie mtu wake kwamba karata hazichezwi na mtu mmoja.

Alikwenda Jumapili mchana. Mwalimu aliondoa makopo mezani, akazichanganya karata na kuanza kugawa. Mkono ulichelewa, karata mbili zikaanguka sakafuni. Kifutio aliiacha mikono yake mapajani mpaka Mwalimu alipoinama mwenyewe akaziokota. Ilimgharimu.

Alipofungua zake, malkia wa kopa alikuwemo, wa tatu kutoka kushoto, jicho moja kwake na jingine mahali pengine. Mgongo wake uliopauka ulikuwa umemwelekea Mwalimu. Kifutio alimsogeza nyuma ya nyingine, akamsogeza mwisho. Alionekana kila alipowekwa. Mwalimu alikuwa anatazama karata zake mwenyewe, kisha dirisha. Akacheza ghulamu wa kopa, karata ambayo malkia huila, na ambayo mtu anayejua alipo malkia asingeitoa namna hiyo kamwe. Raundi iliyofuata akafanya vile vile, akampa nafasi nyingine.

Kifutio alijua anachofanyiwa. Alikijua kuliko mtu yeyote mtaani.

"Mwalimu, unaiona."

Mzee alizipanga karata zake, ingawa zilikuwa zimepangika.

"Naiona," alisema. "Tangu ulipoishika."

"Sasa mbona unacheza kama huioni?"

"Nilitaka nijue ladha yake. Kumfichia mtu kitu ambacho mwenyewe anakijua." Akatafakari kidogo, kama mtu anayeonja chumvi. "Haina ladha nzuri. Sikuipenda."

Kifutio hakuweza kuinua macho. Alimtoa malkia, akamweka mezani kifudifudi, kisha akamgeuza.

"Usinihurumie, Mwalimu," alisema.

Mwalimu akakubali kwa kichwa, akavuta kiti karibu, na mchana ule akamfunga mizunguko minne mfululizo bila kumbakizia hata mmoja.